Utando juu ya tanki la samaki, na jinsi sambusa zilivyotuumbua

Juzi stima ilirudi saa tano usiku baada ya kupotea tangu alasiri, na kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kuchaji simu, nilienda kwenye tanki la samaki, nikawasha tochi ya hiyo simu yenyewe (imebaki asilimia 6) nikainama mpaka jicho likawa usawa mmoja na maji. Ukiangalia kutoka juu huoni kitu. Angalia kwa ubavu ndio unauona, ule utando, kama ule unaoganda juu ya chai ya maziwa ukiisahau mezani, ila huu mwembamba zaidi na una rangi rangi kama petroli iliyomwagika kwenye dimbwi pale steji ya boda. Masaa saba tu bila pampu. Saba!

Sasa kwa sababu kuna watu wawili watatu wamekuwa wakiniuliza "mbona maji yangu juu yanakuwa na mafuta mafuta na mimi siweki mafuta", nikaona bora niandike yote mara moja, maana mimi hili jambo limenitesa mwaka mzima na nimefanya makosa yote ambayo binadamu anaweza kufanya na ndoo na sponji.

Niko Jinja, Uganda, mtaa wa Walukuba. Tanki langu sio la kutisha, sentimita 60 kwa 30 kwa 35, yani lita sitini na kidogo ukijaza mpaka mdomoni. Ndani kuna gapi ambao nimeacha kuwahesabu, moli weusi wanne na gourami wawili. Linakaa sebuleni, karibu na mlango wa kwenda uani. Huo mlango ukumbuke, tutaurudia.

Mara ya kwanza kuona utando nilifikiri maji yamechafuka yote. Si ndio akili ya kawaida? Kitu kichafu, osha. Basi nikatoa maji yote, samaki kwenye beseni, nikasugua vioo, mchanga nikauchambua kama mchele, na sponji ya filta nikaikamua chini ya bomba mpaka ikawa mpya kabisa, nikajisifu. Kumbe hapo nimeua. Ile sponji chafu ndimo wanamoishi bakteria wanaoshughulikia mkojo na mavi ya samaki, na maji yetu ya bomba yana klorini, kazi ya klorini unaijua. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yamechanganywa na unga, moli mmoja akafa, gapi sijui wangapi, na utando? Ukarudi mnene kuliko mwanzo. Siku hizi sponji naikamua ndani ya beseni la maji niliyoyatoa kwenye tanki lenyewe, ibaki na uchafu wake kidogo, na maji nabadilisha robo kila wiki, hayo mapya nayalaza kwenye jerikeni iliyo wazi usiku mmoja au miwili kabla.

Lakini kubadilisha maji peke yake hakuondoi utando, na hapa ndipo wengi tunakwama. Ukiingiza mpira wa kunyonya maji unanyonya kutoka chini, si ndio? Mchanga unasafika, maji yanashuka, na utando nao unashuka pamoja na maji ukiwa umetulia juu kama bwana, ukijaza tena unapanda nao. Hujaugusa hata kidogo.

Ule utando ni nini hasa? Ni mafuta na protini, vitu vyepesi ambavyo vikifika juu ya maji vinakaa hapo hapo, vinatoka kwenye chakula, kwenye majani yanayooza, kwenye ute wa samaki wenyewe, halafu bakteria wanakuja kula hiyo karamu, wanazaliana, wanajishikanisha, unapata ngozi. Mi huwa naupima kwa njiti ya kiberiti: naichovya katikati naivuta polepole. Kama ni mafuta matupu yanafunguka halafu yanajifunga tena nyuma ya njiti kama hakuna kilichopita. Kama bakteria wameshajenga, unakatika vipande vipande kama ganda, na vile vipande vinabaki na kona zake. Wangu ulikuwa unakatika vipande.

Na usione ni urembo tu unaharibika. Samaki anapumua hewa iliyoyeyuka kwenye maji, na kwenye tanki la nyumbani hiyo hewa inaingilia juu, pale maji yanapokutana na hewa. Hata zile bubujiko za pampu tunazozipenda, kazi yake kubwa ni kutikisa maji ya juu zinapopasuka, sio kwamba povu lenyewe linamlisha samaki hewa. Sasa ukitandika utando juu na maji yametulia, umepunguza mlango. Na sisi wa huku tuna hasara nyingine ambayo watu wa Mombasa na Dar hawana: ziwa letu la Victoria liko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yenyewe yanabeba oksijeni kidogo. Maji ya nyuzi 25 kule pwani yanabeba kama miligramu 8 kwa lita, ya hapa kama 7. Ndio maana asubuhi baada ya stima kupotea usiku kucha unakuta gapi wote wamejipanga juu wanafungua midomo kama watoto wa kwaya.

Gourami kidogo ana afadhali, yule ana kiungo chake kichwani anapanda juu anavuta hewa ya kawaida kama sisi. Lakini na yeye anabidi atoboe huo utando kila akipanda. Nimekaa nikamwangalia, anakuja, anasukuma kwa mdomo, ule utando unabonyea kwanza halafu ndio unafunguka. Iliniuma roho kweli, ni kama mtu anakufunika uso na kaveera, mfuko wa plastiki, halafu anakwambia pumua tu ndugu yangu.

Njia ya haraka ya kuutoa nilifundishwa na mzee mmoja Kampala aliyeniuzia moli. Zima filta kwanza, subiri kama dakika kumi maji yatulie, utando wote ujikusanye juu. Chukua karatasi nyeupe ya kufutia jikoni, ile isiyo na manukato wala maua, ilaze juu ya maji yote kwa upole kama unatandika kitanda cha mgeni, usiizamishe. Hesabu mpaka tano. Halafu ishike kona mbili za upande mmoja uivute kuelekea kwako, iteleze juu ya maji, mwisho inyanyue. Utaona imekuja na ute wa kijivu unaoteleza ukigusa. Rudia na karatasi mpya mara mbili tatu. Tishu ya chooni usijaribu, itakufia mikononi utaanza kuvua vinyuzi mpaka kesho (nimevua). Gazeti wengine wanatumia, mi siamini wino wake.

Ila karatasi ni pesa, na mimi siku hizi natumia kikombe. Kikombe cha plastiki, unakishusha wima kwenye maji mpaka mdomo wake ubaki juu kidogo tu, halafu unakibonyeza nukta moja zaidi, ukingo wa upande mmoja ulale chini ya maji kama unene wa sarafu. Basi maji ya juu tu ndiyo yanaanza kumiminika ndani, na utando unakuja wenyewe, unaona kabisa vile vipande vinakimbia kutoka mbali kule pembeni vinajaa kikombeni kama abiria wa mwisho wa taxi park. Mkono usitetemeke. Ukibonyeza sana umechota maji tu. Mi nafanya vikombe kama ishirini na maji hayo ndiyo nahesabu kuwa sehemu ya ile robo ya kubadilisha, halafu yanaenda kwenye sukuma wiki za mama watoto, ambazo zimenona kuliko samaki.

Sawa, tumeutoa. Unarudi baada ya siku mbili. Kwa nini? Hapo ndipo nilipokuwa mpelelezi nyumbani kwangu mwenyewe.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mukene, wale dagaa wa ziwani. Chakula cha dukani cha samaki wa mapambo huku ni ghali na mara kakipatikana kamekaa miaka, kwa hiyo nilikuwa natwanga mukene mkavu, nachekecha, nawapa ule unga. Wanapenda sana. Lakini mukene ana mafuta, wewe chukua unga wake kidogo uutupe kwenye glasi ya maji, utaona mduara unang'aa unatanuka kutoka kila chembe. Na watoto walikuwa wanawalisha asubuhi, mimi jioni, na kumbe dada wa kazi na yeye saa nane kwa huruma yake. Nikaweka sheria: mara moja kwa siku, kile ambacho kinaisha ndani ya dakika mbili, na mukene mara mbili tu kwa wiki, siku nyingine kiini cha yai la kuchemsha kwa uchache kabisa (nacho kina mafuta yake, usinifuate kwa hilo) au mbaazi za kuchemsha zilizomenywa. Utando ukapungua. Haukuisha.

Halafu ukaingia Ramadhani, na utando ukawa wa ajabu, yani natoa asubuhi, kesho yake asubuhi umerudi, tena safari hii ukipitisha njiti unajifunga wenyewe nyuma, mafuta kabisa. Na chakula nimepunguza! Nikaanza kulaumu moli, nikalaumu ule mzizi wa mti niliouweka ndani, nikautoa, nikauchemsha, nikaurudisha. Wapi. Idd ikaisha, wiki moja baadaye utando ukashuka wenyewe bila mimi kufanya lolote. Nikakaa nikawaza, ni nini kilikuwepo mwezi ule ambacho sasa hakipo?

Sambusa.

Shemeji yangu anakaa na sisi na anapika vitu vya kuuza, na ule mwezi kila siku kuanzia saa tisa sigiri inawaka pale uani, karai la mafuta linachemka, sambusa, bagia, kababu, na mlango uko wazi maana anaingia anatoka, na upepo wa jioni hapa unatoka ziwani unaingia moja kwa moja ndani. Nilipomwambia akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, yani samaki wako wanafuturu na sisi?" Mama watoto akasema natafuta sababu ya kumnyima mwenzangu riziki. Basi nikaona maneno hayatoshi, nikafanya jaribio. Nilichukua glasi mbili, nikaziosha vizuri, nikazisuuza mara nyingi, nikajaza maji ya bomba yale yale. Moja nikaiweka juu ya kabati kando ya tanki, nyingine chumbani mlango umefungwa. Siku hiyo alikuwa anapika oda ya watu. Asubuhi nikawaita wote na tochi. Glasi ya chumbani, safi. Glasi ya sebuleni, juu ya maji kuna vidoa vidogo vidogo vya mviringo vinang'aa, vingine vimeungana, na hiyo glasi haina samaki, haina mukene, haina kitu. Shemeji akaingiza kidole akasugua na kidole gumba. "Eh. Ni ya kwangu." Akahamisha sigiri upande wa pili wa ua siku hiyo hiyo, tena bila kuombwa, na mlango sasa unafungwa wakati wa kukaanga. Kuta za sebule nazo zilikuwa zinanata, tukaelewa kwa nini.

Kwa hiyo we unayeniuliza mafuta yanatoka wapi, angalia jiko lako liko wapi kabla hujalaumu samaki. Na angalia mikono. Tunajipaka mafuta asubuhi mpaka viwiko vinang'aa halafu unaingiza mkono wote kwenye tanki kunyoosha mmea uliolala, unategemea nini. Mi nafanya kazi za tanki kabla ya kuoga, na mikono nasuuza kwa maji matupu, sio sabuni. Sabuni kaa nayo mbali kabisa kabisa. Kuna siku mpwa wangu aliniheshimu akaosha kile kikombe cha utando kwa sabuni ya unga, hakusuuza vizuri, nikakichovya: utando ulikimbia kutoka kwenye kikombe kwenda pembeni kwa kasi kama umeona mbwa. Nikafurahi sekunde moja. Halafu nikaelewa ni nini kimeufukuza, nikabadilisha nusu ya maji usiku ule ule, maana sabuni inaharibu ule ute unaomlinda samaki na mashavu anayopumulia. Kikombe sasa kimeandikwa SAMAKI kwa kalamu nyekundu.

Kilichomaliza kesi kabisa ni kutikisa maji ya juu. Nilikuwa nimeweka mdomo wa filta chini ya maji kwa sababu sikupenda kelele. Nikaupandisha uelekee juu kidogo, nusu ndani nusu nje, maji yakawa yanakunjika tanki zima, hakuna kona imelala. Utando hauwezi kujijenga mahali panapotikisika, unavunjwa unashushwa chini na filta inashughulika nao. Ukiwa na filta ya sponji ya pampu ya hewa ni hivyo hivyo, ongeza hewa mpaka uone mawimbi madogo yanafika kioo cha mbali. Kama una mimea mingi na unaweka gesi ya kaboni dioksidi ya kuilisha usitikise sana, utaipoteza, ila kwa Walukuba simjui mtu wa hivyo. Kuna pia vile vifaa vya kunyonya maji ya juu, skima, kimoja kilikuwa kinauzwa Kampala kwa bei ambayo mi nalipia ada ya muhula, nikakiacha hapo hapo. Moli wenyewe wanasaidia, utawaona wanachuna chuna juu mchana kutwa, lakini wasikudanganye, wao wanne hawawezi kushindana na karai la sambusa.

Na kifuniko. Kipande cha kioo juu, acha uwazi kidogo pembeni hewa ipite. Sisi tuliokaa karibu na ziwa tunao wale wadudu, sami, wanakuja kama moshi na wanafuata taa, na taa pekee inayowaka usiku sebuleni kwangu ni ya tanki, kwa hiyo asubuhi unakuta blanketi. Samaki wanakula wanashiba wanaacha, wanaobaki wanaoza hapo hapo juu. Kumbikumbi ndio usiseme: mvua ya kwanza, taa inawaka, asubuhi juu ya maji kuna mabawa matupu mamia, yametandazana kama vigae, na wenyewe gapi hawawawezi, ni wakubwa kuliko wao. Watoto walichagua waliobaki nje ya tanki wakakaanga. Kwa mafuta. Karibu na mlango.

Kuna jamaa akanishauri niweke majani yanayoelea yafunike maji, niokote tu pale kwenye mwalo Masese. Nikamwambia we umezaliwa wapi? Gugumaji lilipoingia upande wetu wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, miaka ya tisini ghuba zilifungwa mitumbwi isipite, na hapa Jinja likawa linasukumwa mpaka kwenye bwawa la umeme, mpaka wakaletwa wale vifukusi wa kulila. Chini ya ule mkeka samaki walikosa hewa, ni jambo lile lile la tanki langu ila limekuzwa likawa ziwa. Siliingizi nyumbani, na maji ya tanki wala mimea yake siimwagi mtoni. Mimea yangu yote imekaa chini kwenye mchanga.

Sasa turudi juzi. Masaa saba bila pampu, mlango ulikuwa wazi kwa joto, utando upo, gapi wako juu. Pampu ilishaanza yenyewe stima iliporudi, nikaizima tena dakika kumi kwa roho ngumu, nikachukua kikombe chenye jina nyekundu, vikombe kumi na nane, tochi nimeishika kwa meno maana simu ilishazima na nimetafuta ile ndogo ya shamba. Nikawasha. Maji yakaanza kukunjika. Baada ya kama nusu saa gapi walikuwa wameshuka katikati, gourami mmoja akapanda, akavuta hewa yake mara moja bila kusukuma chochote, akashuka akalala nyuma ya mzizi.

Jumamosi shemeji ana oda ya sambusa mia mbili za harusi ya watu wa Bugembe. Kioo cha kupunguza ule uwazi uliobaki nimeshapima, sentimita 8 kwa 30, fundi ameniambia nipitie kesho jioni.